Dua ya Monika Iliyokataliwa

Siku hizi mtu akipatwa na shida hakosi wa kumweleza sababu. Mtoto ameacha kusali, kibarua kimeota nyasi, ugonjwa umeingia nyumbani: ataambiwa imani yake ni haba, au ana dhambi hajaiungama, au sadaka yake haijafika kiwango. Wahubiri wa namna hii wanajaza viwanja, na mimi siwaonei wivu viwanja vyao. Ugomvi wangu nao ni kwamba wamewazoesha watu kupima ukaribu wa Mungu kwa wepesi wa majibu. Ukijibiwa, Mungu yupo, ukinyimwa, amekuacha. Kipimo hicho ni kibovu, na ubovu wake ulikwisha kuonekana zamani, mwaka 383, pale mama mmoja wa Afrika Kaskazini aliponyimwa alichokililia usiku kucha.

Mama huyo ni Monika. Wakatoliki humkumbuka kila tarehe 27 Agosti, na kesho yake humkumbuka mwanawe, Augustino. Kijana alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Alikuwa na akili kali, na wazazi walijinyima ili akasome Kartago. Huko ndiko alikopotelea. Aliishi na mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto, kisha akajiunga na wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba mwili ni kazi ya nguvu za giza. Alikaa nao miaka 9 hivi, tena akiwavuta na wenzake.

Monika alimwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu akakataa. Alisema kijana hafundishiki kwa sasa. Aachwe asome, atagundua mwenyewe, na mama aendelee kuomba. Mama hakuridhika, akazidi kulia na kusihi, mpaka askofu akamwambia aende zake, kwani mwana wa machozi kama yale hawezi kupotea. Neno hilo hupendwa sana mimbarini. Wanaolihubiri husahau kutaja kwamba mzee wa watu alilisema akiwa amekwisha kuchoshwa naye.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Augustino alikuwa mwalimu, amechoshwa na wanafunzi watukutu wa Kartago, na alikuwa amesikia kwamba wa Roma wana adabu. Mama hakutaka asafiri. Alimfuata mpaka bandarini akimng'ang'ania: ama turudi wote nyumbani, ama twende wote. Kijana akamdanganya. Alisema yupo pale kumsindikiza rafiki anayengoja upepo, akamshawishi mama apumzike katika kanisa dogo la karibu, la ukumbusho wa shahidi Sipriani. Monika akakesha humo akiomba jambo moja, mwanawe asivuke bahari. Upepo ukavuma, matanga yakajaa. Kulipokucha meli haionekani, na mama yuko ufukweni anapiga mayowe na kumlalamikia Mungu kwamba hakumsikia.

Kwa kipimo cha wahubiri wetu, asubuhi ile Mungu alikuwa amemwacha Monika akaondoka na meli. Na kweli alikuwamo melini. Kijana alifika Roma akashikwa na homa iliyomfikisha karibu na kaburi, na mama hakujua kwamba anaumwa. Alikuwa anamwombea tu, kama kawaida yake. Wanafunzi wa Roma nao wakawa na hila nyingine: siku ya kulipa ada inapokaribia wanamhama mwalimu. Kwa hiyo kazi ya kufundisha ilipopatikana Milano, mwaka 384, akaikimbilia. Milano alikuwapo Ambrosi, askofu aliyesifika kwa mahubiri. Mwaka 386, katika bustani ya nyumba moja mjini humo, Augustino aliacha kumkimbia Mungu, na usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi akambatiza. Monika alikuwapo, kwani alikuwa amekwisha kuvuka bahari kumfuata, na baharini walipopigwa na dhoruba yeye ndiye aliyewatia moyo mabaharia. Laiti dua ya Kartago ingejibiwa, Milano isingefikiwa.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba mtu akishafika salama ni rahisi kuuona mkono wa Mungu hata kwenye jiwe lililomkwaza. Pingamizi hili ni la haki. Augustino aliyaandika haya katika kitabu chake, Maungamo, akiwa tayari askofu, anaitazama njia yote kutoka juu. Tena ndani ya njia hiyo wapo walioumia: yule mama wa mtoto wake, aliyeishi naye miaka mingi, alirudishwa Afrika peke yake ili ndoa yenye faida ipangwe, na kitabu hakimtaji hata jina. Sitaki kusema kwamba machozi yake nayo yalikuwa ngazi ya mtu mwingine kupandia.

Lakini Monika hakusimama juu. Asubuhi ile ufukweni hakuwa na Milano wala Ambrosi. Alichokuwa nacho ni uongo wa mwanawe. Akishamaliza kulia alirudi kwenye maisha yake, akaendelea kumwombea aliyemdanganya, na kumwomba Mungu aliyemnyima. Imani ninayoitetea hapa ni hiyo ya asubuhi, kabla mambo hayajaeleweka.

Wala tusidanganyane kwamba baada ya ubatizo shida zilikwisha. Mwaka uleule, wakingoja meli ya kurudi kwao, Monika alishikwa na homa huko Ostia akafa, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Adeodato, yule mtoto wa ujanani, alifariki miaka michache baadaye. Augustino mwenyewe alifia Hippo mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Kwetu, ambako ukoo mzima huchangishana ili maiti ifike kijijini, tutaelewa uzito wa jambo moja: Monika alikuwa amekwisha kujiandalia kaburi nyumbani, kando ya mumewe. Pale Ostia aliwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke altareni. Alipoulizwa kama haogopi kuuacha mwili mbali na kwao, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna palipo mbali.

Basi, mama au baba mwenye mtoto aliyepotea, shika ushauri wa yule askofu aliyechoka. Punguza kumhubiria kila unapompigia simu. Mwulize kama amekula, halafu upige magoti yako. Nawe uliyeacha kusali, labda kwa sababu uliomba kitu kwa machozi ukanyimwa, usingoje kwanza ujirekebishe ndipo usogee. Ukivutwa na kwaya tu, ingia ukae nyuma usikilize kwaya. Siku za mwanzo Augustino alikwenda kumsikiliza Ambrosi ili apime ufundi wake wa kusema, na mafundisho yenyewe hakuwa na haja nayo.