Mwalimu wa Kike Akijua Haki, Binti Ana Pa Kukimbilia



Binti akishikwashikwa shuleni, anaenda kwa nani kwanza? Si kwa wakili. Mara nyingi hata si kwa mama yake, maana anaogopa. Anamtafuta mwalimu wa kike anayemwamini. Je, huyo mwalimu anajua afanye nini?

Walimu wetu wengi wana huruma, lakini huruma bila kujua sheria haimwokoi mtoto. Mtu anaweza kumaliza chuo cha ualimu akijua kutunga mtihani na kupanga somo, na hajawahi kukaa chini akaisoma Katiba. Ndipo unasikia, "Haya tuyamalize hapa hapa, tusiharibu jina la shule." Kumbe tangu 2010 kuna waraka wa TSC unaosema kisa kama hicho kiripotiwe ndani ya saa 24, na mwalimu anayekificha naye ana kesi ya kinidhamu. Mwalimu asiyeujua waraka huo atamnyamazisha mtoto akidhani anamsaidia.

Tusidanganyane: elimu ya haki si bango ukutani. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2011 linataka mambo matatu: mtoto ajue haki zake, afundishwe kwa njia inayoheshimu haki hizo, kisha aweze kuzitetea. Sasa mwalimu anafundisha haki asubuhi, mchana anashika kiboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeharamisha kiboko. Mtoto hapo amejifunza nini?

Kuna na hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa ushindi wasichana wa shule moja ya Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo kwa sababu ya jinsi madai yalivyowasilishwa. Wengi wakakata tamaa. Lakini Kifungu cha 32 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa dini, kiko pale pale. Mwalimu anayekijua ataenda ofisini kwa mkuu wa shule kuzungumza kwa hoja kabla binti hajafukuzwa langoni.

Na mwalimu mwenyewe je? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara. Ziko shule za kibinafsi ambako akijifungua tu, anaambiwa nafasi imechukuliwa. Anayenyamazia haki yake, ataitetea vipi ya mwanafunzi?

Basi usiishie kubonyeza "like". Dada yako, shangazi yako au ustadha wa madrasa ni mwalimu? Mpelekee Kifungu cha 32 na cha 53, mvisome pamoja. Mpe namba 116 ya kuripoti dhuluma kwa watoto, ni ya bure, aibandike darasani. Mkutano wa wazazi ukiitwa, mwambie mzazi wako aulize: walimu wa hapa wamefunzwa lini kuhusu haki za watoto? Na binti akija na shida, ni nani amepewa kazi ya kumsikiliza?

Wakikosa jibu, msitukane mtu. Andikeni barua kwa bodi ya shule, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri, mrudi tena wiki ijayo.

Haki isiyojulikana hailindi mtu. Anza na mwalimu mmoja.