Mpigaji Ndiye Mkusanyaji: Funzo la Rege kwa Isukuti

Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi tumezoea kuwatambua fanani, hadhira na tukio la uwasilishaji. Yuko mhusika mwingine ambaye ni nadra tumtaje, nikimaanisha yule anayeamua nyimbo zipi zihifadhiwe na zipi ziachwe zipotee. Huyo ni mkusanyaji. Makala hii inadai kwamba haki ya kukusanya na kuteua ni ya yule aliyewahi kupiga ngoma mbele ya watu. Ushahidi nitautoa mahali ambapo huenda baadhi ya wasomaji wasipatarajie, yaani katika albamu za mkusanyo wa rege na dabu.

Mjini Kingston, Jamaika, tangu miaka ya 1950, wenye mitambo ya muziki walibeba vipaza sauti vyao hadi viwanjani na kuwachezesha watu usiku kucha. Mpiga santuri hakujificha katika studio ya redio. Hadhira yake ilikuwa mbele ya macho yake, na akikosea kuchagua wimbo, wachezaji walihamia kwa mshindani wake. Santuri nyingine zilitolewa nakala moja tu ili zijaribiwe uwanjani kwanza. Katika mazingira hayo, mapema miaka ya 1970, fundi Osbourne Ruddock, aliyejulikana zaidi kama King Tubby, alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza ngoma na besi, kisha akaongeza mwangwi. Huo ndio mtindo wa dabu.

Mkongwe wa mitambo hiyo anapotoa albamu ya mkusanyo, anachouza ni uteuzi wake. Mwaka 2001 Don Letts alitoa mkusanyo uitwao Dread Meets Punk Rockers Uptown, wenye nyimbo alizokuwa akiwapigia vijana wa panki katika klabu ya Roxy, London, mnamo 1977. Hakuimba hata wimbo mmoja kati ya hizo. Alichokuwa nacho ni maarifa ya wimbo upi huwaamsha watu, upi huwatuliza, na upi unastahili kufuata upi. Maarifa hayo alifunzwa na umati wenyewe. Kwa istilahi zetu, albamu ya namna hiyo ni diwani, na mteuzi wake ni mhariri aliyefanyiwa mtihani na hadhira kabla ya kushika kalamu.

Sasa tuigeukie Isecheno, penye kituo cha misitu kusini mwa Msitu wa Kakamega, katika nchi ya Waisukha. Hapa, na kwa jirani zao Waidakho, huchezwa isukuti. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swara na manyanga ya chuma. Kiongozi huimba, wanaume na wanawake hucheza katika safu zao. Isukuti huitikia kuzaliwa kwa mtoto, jando, arusi, mazishi na hata michezo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi. Miaka minne baadaye, mwaka 2018, shirika hilo hilo liliiingiza rege ya Jamaika katika orodha yake wakilishi, ile isiyo ya dharura.

Tofauti ya orodha hizo mbili yapasa itukerekete. Wapo wanaoilaumu rege na vipaza sauti vya kukodi vinavyokesha matangani magharibi mwa Kenya. Mara kwa mara wakuu wa utawala wamepiga marufuku disko matanga, lakini marufuku hayo hayajamrithisha kijana ngoma ya babu yake. Rege haikumwibia mtu. Ilipata watu walioipenda kiasi cha kuichagua, kuipanga na kuitia majina.

Je, sisi tunafanyaje? Mwanafunzi huenda nyanjani na kinasa sauti, hurekodi chochote atakachoimbiwa alasiri moja, hutafsiri kwa Kiswahili, kisha huvibandika vyote kwenye kiambatisho cha tasnifu. Wimbo wa mazishi hukaa ubavuni mwa wimbo wa arusi kwa sababu tu viliimbwa siku moja. Mzee aliyeongoza huitwa "mhojiwa wa tatu".

Napendekeza tugeuze utaratibu huo. Wapigaji wakongwe wa Isecheno na viunga vyake wateue nyimbo na wazipange wanavyojua wao. Mwanafunzi arekodi, anukuu maneno ya Luisukha au Luidakho, ayafasiri kwa Kiswahili, na aandike kijitabu chenye jina la kiongozi, la kila mpigaji, na la shughuli ambayo wimbo huitumikia. Malipo yakipatikana, yawafikie wenyewe. Jambo hili linawezekana. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi iliyounganisha muziki, filamu na kijitabu kuhusu historia ya benga.

Kuna watakaosema kwamba mkongwe ataupendelea ukoo wake na nyimbo za ujana wake. Ni kweli, lakini hakuna diwani isiyo na upendeleo. Upendeleo wa mteuzi aliyetaja jina lake unaweza kujadiliwa, ilhali ule wa kinasa sauti hujifanya kuwa sayansi. Dawa yake ni wateuzi kadhaa, Waisukha na Waidakho, wanawake na wanaume, kila mmoja na mkusanyo wake.

Wengine watasema kwamba kurekodi hugandisha sanaa iliyo hai. Hapa ndipo dabu inapotufaa zaidi. Jamaika, wimbo uliorekodiwa ulirudishwa uwanjani bila sauti ya mwimbaji, na vijana wakaubunia maneno mapya papo hapo. Basi ngoma za isukuti zirekodiwe kando na sauti, ili kila wimbo katika mkusanyo uwe na nakala ya ngoma tupu. Nakala hizo zipelekwe katika shule za Shinyalu, watoto wajifunze kuongoza wimbo juu ya mapigo ya wazee wao, hata kwa maneno yao wenyewe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wazee wa isukuti tumewatunza kwa sarafu na vigelegele. Sasa tuwape na uhariri, wakati bado wapo wa kupewa.