Willy Gamba Asisomwe Peke Yake

Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alichukua barua zake akaenda kuzifungulia nyumbani kwa rafiki, Oysterbay, Dar es Salaam. Kati ya barua hizo kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani yake likalipuka na kumuua. Miaka mitano baadaye, mwaka 1974, A. E. Musiba alitoa Kufa na Kupona, riwaya ambamo nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata.

Wahakiki wetu wengi wameziweka riwaya za aina hii katika fungu la riwaya pendwa, yaani za kujiburudishia, kisha wakafunga mjadala. Toleo hili linapingana nao. Ni kweli Gamba anapigana kupita kiasi, na wanawake anaokutana nao wameandikwa kwa jicho la mwanamume wa zama zile. Lakini hofu iliyomo humo haikuokotwa kwenye sinema za James Bond. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Vyama vya ukombozi vilikuwa na ofisi zao mjini, balozi za Mashariki na Magharibi zilichunguzana, na aliyeketi meza ya pili hotelini aliweza kuwa anasikiliza. Musiba aliichukua hali hiyo akaifanyia hadithi wakati waliohusika wangali hai, na wengi wao wangali madarakani.

Ombi letu kwa msomaji ni kwamba vitabu hivi visomwe kwa jozi: riwaya, na pembeni yake kitabu cha matukio ya kweli kuhusu mahali pale pale. Kufa na Kupona iende na Revolutionary State-Making in Dar es Salaam (2021) cha mwanahistoria George Roberts. Humo mauaji ya Mondlane yana sura nzima, na shaka haiishii kwa wakoloni wa Kireno huko Lisbon. Inapita katika magomvi ya ndani ya FRELIMO na katika siasa za Tanzania yenyewe. Ukirudi kwa Gamba baada ya hapo, utaona kwa nini msaliti wa ndani anatisha kuliko adui wa mbali.

Jozi inayouma zaidi ni ya Congo. Kikosi cha Kisasi (1979) kinampeleka Gamba Kinshasa, na ukikimaliza huna shaka nani mwema na nani mwovu. Kisha shika Chief of Station, Congo (2007), kumbukumbu za Larry Devlin, aliyekuwa mkuu wa CIA nchini humo mwaka 1960. Devlin anasimulia kwamba Septemba ya mwaka huo alijiwa na mkemia wa idara yake, Sidney Gottlieb, aliyebeba sumu ya kumuulia Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo. Mojawapo ilikuwa imetiwa ndani ya dawa ya meno. Anasema aliifungia sumu hiyo kwenye sefu, akavuta siku, na mwishowe akaitupa katika Mto Congo.

Kurasa hizo zimeandikwa vizuri sana, na hapo hasa ndipo pa kuwa macho. Lumumba hakufa kwa sumu. Alipigwa risasi Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na Ludo De Witte katika The Assassination of Lumumba ameonyesha kwa nyaraka jinsi maofisa wa Ubelgiji walivyohusika. Nyaraka za Marekani zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba Devlin alidokezwa siku kadhaa kabla kwamba Lumumba, wakati huo mfungwa, angepelekwa mikononi mwa maadui zake. Hakupinga, wala hakuiarifu Washington mapema. Aliyetupa sumu mtoni na aliyenyamaza ni mtu mmoja, na kitabu chake kinatuonyesha zaidi yule wa mtoni. Alikichapisha mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, miaka kumi baada ya kufariki Mobutu, aliyekuwa mtawala wa Congo. Msomaji aliyekulia kwenye riwaya za kijasusi anazifikia kurasa hizo na maswali mkononi: nani anasimulia, kwa nini sasa, na nani hayupo tena wa kumjibu? Mazoea hayo ya kuuliza ndiyo faida ya riwaya ambayo wahakiki wameipuuza.

Si kila kumbukumbu inajipamba. Che Guevara alipigana mashariki mwa Congo mwaka 1965, akiwa na wenzake waliopewa tarakimu za Kiswahili kuwa majina. Yeye aliitwa Tatu. Aliposhindwa, alivuka Ziwa Tanganyika, akajificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam na kuandika yote, akikiri tangu mwanzo kwamba anasimulia kushindwa. Mimi namwamini zaidi kwa sababu hiyo. John le Carré, aliyewahi kufanya kazi MI5 na MI6, naye alikwenda Bukavu kabla ya kuchapisha The Mission Song (2006). Mhusika wake mkuu ni mkalimani mwenye asili ya Congo anayesikia yale ambayo waliomwajiri hawakutaka ayasikie.

Kwa wapenzi wa mambo ya nje kabisa, The Spy and the Traitor (2018) cha Ben Macintyre hakina mpinzani. Mwaka 1985 Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB aliyewatumikia Waingereza kwa siri, anatoroshwa hadi Finland ndani ya buti la gari. Mbwa wa mpakani wanaponusa, mke wa mwanadiplomasia anamlaza mtoto wake juu ya buti lile lile na kumbadilisha nepi.

Upande wa vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tunaomba kisisahauliwe Kuzama kwa Idi Amin (1980) cha Baldwin Mzirai, kilichotoka mwaka mmoja tu baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Kiandamane na War in Uganda (1982) cha Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari Wamarekani waliofuatana na majeshi ya Tanzania. Mzirai ametajwa karibu peke yake kwa upande wetu, na hilo linanisikitisha. Ukiondoa riwaya, vitabu vingi nilivyovitaja kuhusu siri zilizotokea kwetu viliandikwa na wageni, kwa lugha zao. Wapo wazee waliolinda nyumba za wapigania uhuru, waliosoma simu za maandishi usiku, waliovuka Mto Kagera na redio mgongoni. Waandike, au wakubali kuhojiwa, kwa Kiswahili, na kurasa za jarida hili ni zao.

Msomaji mwenye nafasi ya vitabu vitatu tu aanze na Kufa na Kupona, aende kwa De Witte, na Devlin amweke wa mwisho. Akimtanguliza, atampenda mapema mno.