Habari za Makanisa: Tarehe Tano za Kuandikwa Ukutani

Ibada ya Jumapili ikikaribia kwisha, kabla ya kutolewa baraka, mzee wa kanisa husimama na daftari lake kusoma matangazo. Ndoa zitakazofungwa hutajwa, michango ya bati hukumbushwa, na wagonjwa huombewa. Wakati huo ndipo watoto huanza kujinyoosha, akina mama hufunga wachanga mgongoni, na askari mwenye zamu ya mchana huitazama saa yake kwa siri. Wengi huyasikia matangazo kwa sikio moja, yakatokea kwa la pili.

Nyumba yenye busara hufanya vingine. Jioni, chakula kikisha kuliwa, baba au mama hutwaa kalamu akazitia tarehe kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Kwa jamaa wakaao kambini jambo hili si dogo. Amri ya uhamisho huweza kuwatoa Arua na kuwapeleka Mbarara, wakaacha nyuma kanisa walilolizoea, kwaya ya watoto na majirani wa kusaidiana. Kalenda ndiyo inayokunjwa na kusafiri pamoja nao. Kwa hiyo inafaa kila familia ya Kanisa la Uganda, na hata ya madhehebu mengine, izijue tarehe tano ambazo Waprotestanti wa nchi hii na wa nchi jirani hukusanyika, na ijue pia sababu ya kukusanyika kwao.

Ya kwanza ni tarehe 31 Januari. Siku hiyo katika mwaka wa 1885, huko Busega karibu na Natete, vijana watatu wa misheni, Mark Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuhu Sserwanga, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hao ndio wa kwanza katika orodha ya mashahidi wa Uganda. Ilikuwa haijatimia hata miaka minane tangu wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walipowasili kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877. Wageni hao walipitia Unguja na bara ya Tanganyika, wakafika na vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa vya Kiganda havikuwako bado. Waumini wa mwanzo waliitwa “wasomaji”, na wengi wao walianza kuisoma Injili kwa lugha hii hii inayotumika leo katika gwaride na katika vituo vya polisi. Msomaji anayedhani kwamba Kiswahili kiliingia Uganda kwa mlango wa kambi peke yake, na alikumbuke hilo.

Ya pili ni tarehe 16 Februari, siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, katika wilaya ya Kitgum. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kasisi, na mwaka wa 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo lililozikusanya pamoja Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Mapema Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake usiku wa manane wakitafuta silaha, wasipate kitu. Maaskofu waliandika barua ya kulalamika kwa Rais Idi Amin. Tarehe 16 mwezi huo waliitwa Kampala mbele ya mkusanyiko mkubwa wa wanajeshi, wakaonyeshwa bunduki zilizopangwa. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Asubuhi ya pili redio ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Jamaa waliouona mwili huko Mucwini walishuhudia majeraha ya risasi.

Hakufa peke yake. Waliuawa naye mawaziri wawili, Charles Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema. Huyu Oryema ndiye Mwafrika wa kwanza aliyeshika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi ya Uganda. Jambo hili halisemwi mara nyingi katika nyumba za polisi, na linastahili kusemwa. Kuna mke wa konstebo ambaye hujiona mgeni katika ibada ya tarehe 16 Februari, akihofu kwamba wanaoomboleza wanaitazama sare ya mumewe na kuikumbuka ile ya mwaka 1977. Naye ajue kwamba miongoni mwa walioangamia siku ile alikuwamo aliyeivaa sare ya polisi miaka mingi. Sare ilikuwa mkononi mwa wauaji, na historia ya sare ilikuwa mwilini mwa aliyeuawa.

Jumapili iliyofuata, tarehe 20 Februari, watu kwa maelfu walipanda mlima wa Namirembe. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kanisa kuu, lakini jeneza halikuletwa. Mwili ulikuwa umepelekwa kaskazini chini ya ulinzi wa askari. Waumini walilizunguka kaburi tupu, wakaimba. Wote walijua kwamba kuonekana mahali pale kungeweza kuwagharimu. Kila mkutano unaofanywa leo kwa amani, wenye viti vya kukodi na vipaza sauti, una deni kwa mkutano ule usiokuwa na jeneza. Katika mwaka wa 2015 Rais Museveni alitangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko kwa taifa zima, na ibada kuu hufanyika Mucwini, alikozikwa Askofu Mkuu. Sanamu yake imesimama London pia, juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, tangu mwaka wa 1998.

Ya tatu ni tarehe 30 Mei, nayo inawahusu hasa ndugu wa ng'ambo ya mto Semliki. Ndiyo siku aliyokufa Apolo Kivebulaya mwaka wa 1933. Mganda huyu alivuka milima kutoka Toro mwaka wa 1896 kwenda Boga, katika nchi iitwayo sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akawahubiria wenyeji na watu wa msituni, akapigwa na kufungwa, akarudi tena. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kuonyesha kwamba kazi haijakwisha. Ilipofika mwaka wa 1980 makanisa ya Rwanda, Burundi na Zaire yalijitenga na jimbo la Uganda, yakaunda jimbo lao. Mipaka ya majimbo ilibadilika, lakini udugu haukukatwa kwa mkasi. Askari anayelinda mpaka wa Bundibugyo na aelewe kwamba baadhi ya wanaovuka wakiwa na vitabu vya nyimbo chini ya kwapa wanakwenda kwa watu wa kanisa lao.

Ya nne ni tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, inayojulikana kuliko zote. Mwaka wa 1886 siku hiyo vijana wengi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti walichomwa moto Namugongo. Jumla ya mashahidi wanaokumbukwa kwa miaka 1885 hadi 1887 ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Leo Wakatoliki hukutana kwenye kanisa lao kubwa, na Waanglikana hukutana Nakiyanja, mwendo mfupi kutoka hapo. Kila mwaka kundi la dayosisi hupokezana kuandaa ibada. Mahujaji hutembea kwa miguu kutoka magharibi ya mbali, kutoka Kenya na Tanzania, wengine kwa majuma mawili au zaidi. Mwaka wa 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ibada ilifanywa bila mahujaji, na njia ya Namugongo ikawa kimya.

Katika habari za siku ile limo jambo moja linalomgusa mtu wa amri. Mkuu wa wanyongaji wa Kabaka aliitwa Mukajanga. Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwamo kijana wa Kikatoliki, Mbaga Tuzinde, aliyehesabiwa kuwa mwana wa Mukajanga mwenyewe. Baba alimsihi mwanawe akane imani, au angalau akubali kufichwa. Kijana alikataa. Mzee hakuthubutu kuikiuka amri, wala hakuweza kuvumilia kumwona mtoto akiungua akiwa hai, basi akaagiza apigwe kwanza rungu shingoni. Mahubiri ya tarehe 3 Juni huwasifu vijana, na ni haki yao. Lakini katika nyumba ya askari baba na mama wanaweza pia kumzungumza Mukajanga, bila kumtukana, wakiwauliza watoto wakubwa: amri ina mpaka wapi? Swali hilo halijibiwi kwa usiku mmoja. Heri liulizwe mezani, mtoto angali anakula kwa baba yake, kuliko kumkuta kwa mara ya kwanza akiwa ameshika silaha.

Ya tano ni tarehe 29 Oktoba. Askofu James Hannington, aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya Busoga, aliuawa siku hiyo mwaka wa 1885. Ukumbusho wake hufanywa Kyando, katika wilaya ya Mayuge. Waliuawa pamoja naye wapagazi wake wengi, watu waliotoka pwani wakibeba mizigo kichwani kwa mamia ya maili. Askofu anakumbukwa kwa jina. Wapagazi huombewa kwa jumla. Mwenye kuongoza sala nyumbani asiwasahau, kwa maana na wao walikuwa na wake waliongoja.

Zaidi ya hizo tano, uko mkutano usiokuja kila mwaka. Mnamo Septemba 1935 wenye uamsho walikutana Kabale, na tangu hapo waliookoka, waitwao Balokole, wamezoea kuukumbuka mkutano ule kila baada ya miaka kumi. Uamsho ulikuwa umeota mizizi Gahini, Rwanda, baada ya daktari Joe Church kukutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe mwaka wa 1929. Kutoka hapo ulienea Burundi, Kenya, Tanganyika, Sudan na Kongo. Alama yake haikuwa kelele za nyimbo pekee. Mtu aliyeguswa alikwenda kwa jirani aliyemkosea, akalitaja kosa kwa jina lake, akarudisha alichoiba: ng'ombe, nguo, hata zana za mwajiri. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mtoto wa uamsho huo. Mwaka wa 1977 alitoroka kwa miguu pamoja na mkewe Mera wakaingia Rwanda, kisha uhamishoni akakiri kwamba hata yeye ilimlazimu kuitoa chuki moyoni mwake juu ya Amin. Alirudi mwaka wa 1979, akaendelea kuhubiri hadi kifo chake mwaka wa 1988. Mkutano wa 1935 utatimiza miaka mia katika mwaka wa 2035, na mtoto anayeanza shule sasa ataweza kuhudhuria akiwa kijana.

Karibu zaidi ni mwaka wa 2027. Tarehe 16 Februari ya mwaka huo ndiyo inayotimiza miaka 50 tangu kuuawa kwa Janani Luwum, na tarehe 30 Juni ndiyo inayotimiza miaka 150 tangu kuwasili kwa wamisionari wale wa kwanza. Ni tarehe mbili za kuandikwa kwa wino mwekundu.

Sasa, mpango wa nyumbani. Mwenye kutaka kwenda Mucwini au Namugongo apeleke ombi la likizo mapema, maana mwezi wa Juni kila mtu huomba, na vikosi navyo vinahitaji watu wa kulinda njia. Akiba ya safari iwekwe kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, katika kopo lisilofunguliwa kwa ajili ya sukari. Mwenye kutembea avae viatu alivyokwisha kuvizoea, wala si vipya, na soksi za kubadilisha. Achukue koti la mvua, maana mwanzo wa Juni mvua haijaaga kabisa. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto mdogo ashonewe kitambaa ndani ya vazi lake chenye jina la baba na la kambi, kwa kuwa katika umati mkono huponyoka. Mama mjamzito na mzee mwenye miguu iliyovimba wasione haya kupanda basi. Shahidi hakupimwa kwa hatua. Na asiyeweza kusafiri asikae bure: kasisi wa jeshi au wa polisi akiombwa ataongoza ibada kambini, na Umoja wa Akina Mama unaweza kupika pamoja siku hiyo.

Yuko bado mtu mmoja ambaye matangazo humsahau. Ni yule anayesimama juani mlangoni tangu alfajiri, akipekua mifuko ya mahujaji, asiisikie hata aya moja ya mahubiri. Minne kati ya mikutano hii mitano ilizaliwa siku ambayo amri ilitolewa na mtu wa amri akaitekeleza. Leo mtu wa amri amesimama langoni ili mjane wa jana aingie kwa usalama, akae, aimbe, na arudi nyumbani. Hiyo si kazi ndogo, na mkewe aliyekaa ndani na watoto ana haki ya kukaa mahali popote miongoni mwa waumini. Mwenye kuandaa chakula cha wageni na amwekee sahani mlinzi, ifunikwe, ipelekwe ingali moto.