Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: malori yanayoondolewa jeshini yaletwe Mto Tana

Mheshimiwa Waziri,

Ombi langu ni moja. Malori ya Jeshi la Ulinzi la Kenya yanapofikia mwisho wa utumishi wake, machache kati yake yasipelekwe mnadani. Yahamishiwe kaunti za Garissa na Tana River, yawe magari ya kuvusha na kuokoa watu wakati wa mafuriko. Siombi fedha mpya, wala silaumu jeshi, ambalo limetumwa mara nyingi kuwanusuru wananchi. Naomba tu chombo ambacho Serikali inacho tayari kifike mahali ambapo kukosekana kwake kumegharimu maisha ya watu.

Tarehe 9 Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa na maji huko Tula, katika barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Abiria 51 waliokolewa. Tarehe 28 ya mwezi huohuo boti iliyojaa watu ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa. Watu 23 waliokolewa, lakini wengine walikufa. Miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 2023, mvua za El Niño zilikuwa zimeikata barabara hiyohiyo. Ni rahisi kusema kwamba abiria hawa walikuwa wakaidi, maana barabara ilikuwa imefungwa na onyo lilikuwa limetolewa. Lakini barabara hii ndiyo mshipa wa chakula, dawa na mafuta ya Garissa na sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Garissa, na wagonjwa wengi wanaoitegemea wanaishi Madogo na vijiji vya upande wa pili wa mto. Mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kungoja wiki tatu hadi maji yapungue. Atavuka kwa chochote atakachokipata, na kilichokuwapo Aprili 2024 ni basi lisilofaa kuingia majini na boti iliyobeba kupita kiasi. Tangazo la kufunga barabara pasipo njia mbadala linawaachia watu kazi ya kuamua wenyewe ni hatari ipi ndogo.

Kuna sababu ya kuomba malori na si boti pekee. Mafuriko ya Tana si kama yale ya makorongo ya milimani. Maji yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanapita katika mabwawa ya Seven Forks, na Masinga na Kiambere yakijaa yanamwagika na kuteremka kwa siku kadhaa kabla ya kufika kwetu. Yakifika yanatandaa juu ya ardhi tambarare. Mara nyingi kinachoikata barabara ni ukanda mrefu wa maji ya kimo cha goti au paja, yaliyotulia sehemu moja na kwenda taratibu sehemu nyingine, na lami ikiwa bado imara chini yake. Boti hapo inakwaruza, inakwama vichakani, na inabeba watu wachache na mizigo midogo. Gari dogo nalo huanza kuelea maji yakifika sentimita 60 hivi. Lori la kijeshi limeundwa kwa hali hiyo hasa: bodi yake iko juu, magurudumu yote yanavuta, na mengi ya aina za zamani, kama Bedford za Waingereza na M35 za Wamarekani, yaliundwa kuvuka maji ya karibu sentimita 75 bila matayarisho yoyote. Safari moja inaweza kubeba wagonjwa, magunia ya unga na masanduku ya chanjo kwa pamoja. Houston na miji jirani ya Texas ilijifunza hayo katika kimbunga cha Harvey mwaka 2017, pale malori yaliyotoka jeshini na kupewa polisi na wazima moto yalipoingia mitaa iliyofurika kuwatoa watu majumbani.

Sheria haizuii. Kifungu cha 165 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 kinaruhusu mali isiyohitajika tena ihamishiwe taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kukabiliana na majanga. Kinachokosekana ni uamuzi.

Wapo watakaosema kwamba jeshi lenyewe linaweza kuitwa, kwa kuwa Ibara ya 241 ya Katiba inalitaka lisaidie wakati wa dharura. Ni kweli, na liendelee kuitwa. Lakini wito hupitia ngazi nyingi, na askari walio katika mkoa huu wana kazi nzito ya mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Haifai kuwaondoa huko kila mara Masinga linapofurika, jambo ambalo linaonekana likija siku kadhaa mapema. Hoja ya matengenezo ina uzito zaidi. Lori kuukuu hula mafuta, spea zake ni adimu, na yadi za serikali zimejaa magari yaliyowekwa juu ya mawe. Ndiyo maana naomba malori ya aina moja, na mengine mawili yasiyotembea yatolewe pamoja nayo ili yawe ghala la spea. Mafundi wa jeshi wanaweza kuwafundisha vijana wa Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha North Eastern, kilichopo hapahapa Garissa. Bila spea na mafunzo hayo, heri malori yauzwe.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ile ya Makueni. Aprili 2024 lori lililobeba watu lilisombwa likivuka mto uliofurika huko, na nchi nzima iliona picha. Kabla yake, tarehe 4 Desemba 2021, basi lilizama katika Mto Enziu karibu na Mwingi na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukubwa wa gari unaweza kumpa dereva ujasiri asiostahili. Kwa hiyo sisemi malori haya yaingie katika kila maji. Yasiguse laga, yaani mkondo wa msimu, inayoteremka kwa kasi, wala mahali ambapo lami imebomoka. Vigingi vyenye alama za kina visimikwe pembeni mwa barabara huko Tula, Kona Punda na Mororo kabla ya mvua, na maji yakipita alama nyekundu, dereva asisogee hata akiamriwa na mkubwa. Kila abiria avae boya. Msalaba Mwekundu, ambao umefanya kazi hii miaka mingi, usimamie mafunzo ya madereva.

Liko pia jambo ambalo wa Nairobi huenda asilione. Katika mkoa huu lori la jeshi lina kumbukumbu zake. Wazee wa Garissa hawajasahau mtaa wa Bula Kartasi uliochomwa na askari Novemba 1980, na Wajir hawajasahau mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984. Tena, gari lenye sura ya kijeshi linaweza kulengwa na Al-Shabaab barabarani. Kwa sababu zote mbili malori haya yapakwe rangi nyingine kabisa, yaondolewe kila alama ya kijeshi, na yaendeshwe na raia. Ikiwa gari lilelile lililotisha litarudi kumvusha mgonjwa, hilo litakuwa jema, lakini wananchi waulizwe kwanza, mabarazani, na wazee wasikilizwe.

Naikubali hoja kwamba dawa ya kudumu ni kuinua barabara, kujenga makalvati makubwa, na kuwahamishia watu wa mitaa ya Bakuyu, Ziwani na Bula Punda mahali pa juu. Hata hivyo kazi hizo huchukua miaka, na mafuriko huja na maradhi yasiyongoja. Mvua kubwa za 1997 na 2006 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa hapa Garissa, ikaua watu na mifugo wakati ambapo wauguzi na madaktari wa mifugo walishindwa kuvifikia vijiji vingi.

Kona Punda iko Tana River, lakini wengi wanaokwama hapo wanakwenda au wanatoka Garissa, na mzozo wa mpaka kati ya kaunti hizi mbili unajulikana. Malori yasimamiwe kwa pamoja, pengine chini ya baraza la kaunti za mpakani, FCDC, ambalo zote mbili ni wanachama wake. Kitabu cha safari kiwe wazi kwa umma, ili yasije yakabeba mchanga wa kujengea au mashabiki wa kampeni.

Mheshimiwa Waziri, agiza orodha ya malori yatakayoondolewa mwaka huu iletwe mezani kwako, uwaite magavana wa Garissa na Tana River, na manne yanayotembea yawe Madogo kabla ya mvua za vuli.

Wako katika kulijenga taifa,
Mwananchi wa Garissa