Siri ya Mgonjwa na Nywila ya Wote
Wenye zahanati na maduka ya dawa Kemondo wasidhani kuwa wahalifu wa mtandaoni huwinda benki pekee. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, ilhali kinga dhidi yake ilikwisha kutolewa Machi. Mbali na kufungiwa mafaili, ipo hatari ya siri kuvuja. Na Kagera, ambako UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983, yajua jinsi unyanyapaa unavyoumiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haifui dafu mbele ya nywila moja inayotumiwa na wahudumu wote. Kila mhudumu awe na yake, programu zisasishwe, nakala zihifadhiwe nje ya kompyuta. Nawe mgonjwa, uliza: nani husoma faili langu?