Mtoto Afundishwe Kukadiria

Adui ujinga bado yupo, na sokoni anavaa sura ya hesabu.

Tuseme mkulima amefika soko la vitunguu la Misuna, hapa Singida Mjini, na magunia 19. Wamepatana shilingi 98,000 kwa gunia. Mnunuzi anaandika upesi: shilingi 1,462,000. Mtoto wa darasa la sita amesimama kando, kimya. Shuleni amezoeshwa kungoja karatasi na kalamu.

Sisi twasema mtoto huyo angefundishwa kukadiria, angemwokoa baba yake. 19 ni karibu na 20. 98,000 ni karibu na 100,000. Hiyo ni milioni mbili. Kwa kuwa tumeongeza pande zote mbili, jibu la kweli litapungua kidogo. Nalo ni 1,862,000. Laki nne zimekwenda wapi?

Ndivyo ilivyo na lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mkaguzi hawezi kusimama kila shamba. Mtoto aliyezoea kupima kwa debe ataona kwa macho kwamba gunia limepita kiasi.

Wako wasemao kukadiria ni kubahatisha. Sivyo. Anayebahatisha hana sababu, anayekadiria anayo.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini. Basi walimu, kabla ya kukokotoa, mwulizeni mtoto: "Yapata ngapi?" Nanyi wazazi, mwulizeni hivyo hivyo sokoni. Jasho la mkulima lisipotee kwa kosa la kujumlisha.